Nenda Kahesabu Mashine Kwanza

Kaka yangu hana kawaida ya kupiga simu usiku. Ilipoita saa nne na nusu, nikajua kuna jambo. Mwanawe, aliyemaliza kidato cha sita kwa PCM (fizikia, kemia na hesabu), amechaguliwa vyuo vitatu kwa mkupuo, vyote uhandisi mitambo, na amepewa siku chache za kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri. Akichelewa, nafasi inapotea. "Mdogo wangu," akasema, "injinia wa ukoo ni wewe. Nitajie tu chuo, nikalale."

Kaka anauza mbao Mafinga. Kwenye daftari lake la mauzo alikuwa ameandika ada ya kila chuo, akaizidisha mara nne, akapiga mstari mwekundu chini. Chuo cha kwanza ni cha serikali, kiko Dar es Salaam. Cha pili cha serikali, kiko Mbeya. Cha tatu ni binafsi, na ada yake ni zaidi ya mara mbili ya wenzake. Akaniuliza, "Hiki cha ghali si ndicho kizuri?" Namwelewa. Kwenye biashara yake mninga hauwezi kulingana bei na paini, na mteja anayelipia mninga anajua anachokilipia.

Sikumpa jibu usiku ule. Nilimwomba siku tatu, na hesabu nilizozifanya ndani ya siku hizo ndizo ninazoziandika hapa, kwa sababu kila mwaka msimu wa udahili ukifika napokea swali hilihili kutoka kwa watu wa kanisani, majirani, hata dereva wa bodaboda anayenipeleka kazini.

Nianze na ada, maana ndiyo inayotisha na ndiyo rahisi kuliko yote. Kwenye vyuo vya serikali vya Tanzania, ada ya mwaka kwa shahada ya uhandisi inacheza kwenye milioni moja na nusu. Anayepata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi hukatiwa pia fedha ya chakula na malazi, ile wanafunzi wanayoiita bumu, ambayo tangu 2022 ni shilingi 10,000 kwa siku. Chukua miezi minane ya masomo kwa mwaka, siku 240: hiyo ni milioni 2.4. Jumlisha na ada, unapata milioni 3.9 kwa mwaka, milioni 15.6 kwa miaka minne, bado fedha ya fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, na vitabu. Tazama: chakula na kitanda vimeizidi ada. Baba anayekesha akilinganisha ada mbili zinazotofautiana laki mbili, huku hajauliza chumba Dar ni bei gani na Mbeya ni bei gani, anahesabu senti na noti zinamponyoka.

Deni hilo linalipwa hivi. Ukiajiriwa, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tuseme mshahara huo ni laki tisa. Makato ni 135,000 kwa mwezi. Gawanya milioni 15.6 kwa hapo: miezi 115 na kidogo, karibu miaka kumi. Sisi wa zamani kidogo tuliteswa zaidi, kwa sababu kulikuwa na asilimia 6 ya kila mwaka ya kulinda thamani ya fedha, iliyofutwa 2021. Nakumbuka nilivyofungua taarifa ya deni langu baada ya mwaka mzima wa kukatwa nikakuta limepungua kidogo mno, nikakaa nayo mkononi muda mrefu. Kwa hiyo nikisema deni, nalijua.

Chuo binafsi kina jambo lake la ziada: mkopo mara nyingi haufuniki ada yote ya chuo cha ghali, na tofauti inabaki kwa mzazi, taslimu, kila muhula. Kwa kaka hiyo ni mbao. Nilimwambia ageuze ile tofauti iwe idadi ya mbao, si shilingi, akakaa kimya kwenye simu.

Mwajiri naye anaionaje tofauti hiyo? Serikali ikitangaza nafasi ya Mhandisi Mitambo Daraja la II, ngazi ya mshahara ni TGS E. Aliyelipa ada ndogo na aliyelipa kubwa wanaingia kwenye ngazi ileile, siku ileile, wakiwa wamekaa benchi moja la usaili. Kiwandani ni hivyohivyo kwa mwaka wa kwanza. Kinachoanza kuwatenganisha ni mashine ikisimama.

Hapo ndipo penye hesabu yangu halisi, na ninaomba msomaji anivumilie.

Nilitoa kabatini logibuku zangu za fildi na madaftari ya karakana. Nikajumlisha saa zote ambazo, ndani ya miaka minne, mikono yangu mwenyewe ilishika mpini wa mashine. Siyo saa za kuwepo karakanani. Kuwepo nilikuwepo sana. Kwenye chuo nilichosoma tulikuwa tunazunguka mashine moja ya kukereza, ile inayozungusha chuma huku kisu kikikinyoa, kundi zima, aliye mbele anaona, aliye nyuma anaona migongo. Fundi wa karakana anafunga kipande cha chuma, anakereza, anaeleza, kengele inalia. Mara chache zamu ilikufikia ukapewa dakika kumi za kusogeza kisu. Kwa hesabu ya madaftari yangu, saa zangu za kukereza kwa miaka yote minne hazikufika kumi. Za kuchomelea, saba. Saa za kushika mota, pampu au kompresa na kuifungua hadi mwisho nilizipata zote kwenye fildi, hakuna hata moja niliyoipata chuoni.

Sasa chukua gharama yote ya miaka minne uigawe kwa saa hizo. Ndiyo ninayoiita bei ya saa ya mashine. Yangu ilitoka kubwa mno, nikaelewa kwa nini nilifika kazini nilivyofika.

Nilifika hivi. Mwezi wangu wa pili kazini, kiwanda cha mafuta ya kula, feni ya boila imeanza kulia. Feni hiyo inaendeshwa na mota kwa mikanda inayopita kwenye magurudumu yaitwayo puli. Mzee wa zamu, fundi aliyeanza kazi kabla sijazaliwa, akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye nyumba ya beringi na mpini kwenye sikio, akafumba macho. "Beringi ya upande wa puli, mama," akasema, akaondoka kwenda kuzima feni nyingine. Nikaagiza beringi mpya, namba 6309, na kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kuonyesha kwamba naweza, nikaanza kuifunga mwenyewe kabla hajarudi. Ikagoma kuingia kwenye shafti. Nikachukua nyundo na kipande cha shaba, nikaigonga kwenye ringi ya nje mpaka ikaingia.

Siku ya nne ikaanza kulia. Mzee akaifungua, akaiosha kwa dizeli, akatoa gololi zake, akanionyesha kwenye mwanga wa dirisha: kwenye njia ya gololi kulikuwa na vidoti, vimepangana kwa umbali sawa kama alama za meno. Kila pigo langu kwenye ringi ya nje lilikuwa limepita kwenye gololi ili kuisukuma ringi ya ndani, na kila gololi ikang'ata chuma. Hakunifokea. Akaweka birika la mafuta kwenye jiko, akatumbukiza beringi nyingine, akangoja ifike karibu nyuzi 100, akaitoa kwa koleo, akaisukuma kwenye shafti kwa glovu. Iliteleza ikakaa kama kifuniko cha sufuria. "Isizidi 120," akasema, "chuma chake kinaharibika. Na kama huna mafuta, tafuta bomba, ligonge ringi ya ndani. Inayobana ndiyo inayopigwa."

Beringi niliyoiua bado iko mezani kwangu ofisini.

Mzee yule alisoma ufundi, akapanda kwa majaribio ya kazi. Kama habari ingeishia hapo ningemwambia kaka ampeleke mtoto VETA, kwenye ufundi stadi, tusahau shahada. Haikuishia hapo. Tulipopitia kumbukumbu za ukarabati nikaona beringi ile ya upande wa puli inabadilishwa kila baada ya wiki sita, miaka nenda miaka rudi, na kila mara imefungwa vizuri. Mikono ilikuwa sahihi, beringi zilikuwa halisi. Nikarudi kwenye daftari la mwaka wa tatu. Maisha ya beringi ya gololi yanafuata kipeo cha tatu cha mzigo: ukiupunguza mzigo kwa nusu, beringi inaishi mara nane. Na mzigo ulikuwa unatoka wapi? Kwenye mikanda. Puli zilikuwa ndogo, na ili mikanda isiteleze, mafundi walikuwa wanaikaza sana, wanaivuta shafti upande mmoja usiku na mchana. Kwa nguvu ileile ya mota na mzunguko uleule, puli ikiwa kubwa mvuto unapungua. Nikapiga hesabu kurasa mbili, nikaomba puli mbili mpya zenye kipenyo karibu mara mbili ya zile za zamani, uwiano haukubadilika, kwa hiyo feni ilizunguka kwa kasi ileile. Meneja alisita. Mzee ndiye aliyesema, "Mpeni binti puli zake."

Beringi iliyofuata ilikaa karibu mwaka mzima.

Shahada ilinipa kurasa mbili zile. Mzee alinipa birika la mafuta. Kiwanda kilivihitaji vyote viwili, na sioni kwa nini mwanafunzi anayelipa miaka minne apewe kimoja halafu cha pili akakinunue kwa kuua beringi za watu. Ndiyo maana najali sana saa za mashine, na nakasirika, nasema wazi, nikiona chuo kinaongeza wanafunzi mara tatu wakati mashine ni zilezile.

Vyuo vyetu havikuzaliwa kwa njia moja, na hilo mzazi inafaa alijue. Kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 1973, ndani ya chuo kikuu tayari, kwa hiyo nadharia iko kwenye mifupa yake. DIT, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, ilianza 1957 kama chuo cha ufundi, ikawa taasisi kwa sheria ya 1997. Cha Arusha kilianza 1978, cha Mbeya 1986, vyote kama vyuo vya kuzalisha mafundi sanifu, karakana ikiwa moyo wa chuo kabla ya ukumbi wa mihadhara kuwa mkubwa. Cha Mbeya leo ni chuo kikuu, MUST, yaani Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Asili hiyo haimhakikishii mtoto wako chochote leo, lakini inakuambia uende ukaulize nini: kwenye chuo chenye asili ya nadharia ulizia karakana, na kwenye chuo chenye asili ya karakana ulizia ni nani anafundisha termodinamiki na mekanika za mwaka wa tatu.

Kuna pia njia ambayo kaka hakuifikiria kwa mtoto huyu, na bado anaweza kuifikiria kwa mdogo wake aliye kidato cha nne. Badala ya kidato cha tano na sita, anaingia stashahada miaka mitatu, anatoka fundi sanifu. Akiendelea na shahada ya miaka minne, jumla ni miaka saba, wakati wa njia ya kidato cha sita ni sita. Mwaka mmoja zaidi. Lakini akifika mwaka wa tatu ana cheti cha kuajiriwa, anaweza kusimama, akafanya kazi, akakusanya ada, akarudi. Na tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha pia baadhi ya kozi za stashahada. Darasani kwetu walikuwepo wawili wa njia hiyo. Mwaka wa kwanza hesabu ziliwanyoosha, walipata supu, yaani mitihani ya marudio, tukawafundisha usiku. Mwaka wa tatu, kwenye mradi wa kubuni mashine, wao ndio waliotufundisha sisi, kwa sababu walikuwa wanajua kipi kinaweza kukerezwa na kipi kinachorwa tu.

Nikitoka kwenye mashine, kitu cha pili ni usajili. Tanzania huruhusiwi kujiita mhandisi kwa sababu una shahada. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwa sheria ya 1997, inakuandikisha kwanza kama mhandisi mhitimu, unafanya kazi miaka mitatu chini ya msimamizi, unaandika ripoti, unasailiwa, ndipo unakuwa mhandisi mtaalamu na kula kiapo. Tangu 2012 bodi za Kenya, Uganda na Tanzania zina makubaliano ya kutambuana, kwa hiyo mtu aliyesajiliwa huku ana njia ya kufanya kazi kule. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, linakuonyesha kwa nini hilo si jambo la kwenye makaratasi tu. Kwa hiyo swali la mzazi ni fupi: wahitimu wa kozi hii wanaandikishwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi? Usikubali kuambiwa "mchakato unaendelea". Majirani zetu Kenya walipitia maumivu hayo miaka ya 2010, wahitimu wa baadhi ya vyuo walimaliza miaka mitano ya uhandisi, wakafika kwenye bodi yao wakaambiwa kozi yao haitambuliki, kesi zikaenda mahakamani. Miaka mitano ya ada, na jina la kozi ni lilelile la uhandisi mitambo.

Nje ya nchi nitapita haraka. Wengi huniuliza Ujerumani, kwa kuwa wamesikia vyuo vya umma havitozi ada. Kwa sehemu kubwa ni kweli, ingawa jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanafunzi wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Lakini ili kupata viza unatakiwa uonyeshe fedha ya kujikimu ya mwaka mmoja, ambayo mwaka 2025 ilikuwa euro 11,904, kwenye akaunti iliyofungwa, unayotolewa kidogo kidogo kila mwezi. Kwa familia ya Mafinga hiyo ndiyo ada, imebadilishwa jina tu. Kama mtoto amefaulu sana, aanze na Samia Skolashipu hapa nyumbani, inayowalipia waliofanya vizuri zaidi masomo ya sayansi.

Siku ya pili nikampigia mtoto mwenyewe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kesho una nauli?"

Nikamwambia apande basi aende kwenye chuo kimojawapo, kile cha karibu na nyumbani, asiende ofisi ya udahili. Aende karakanani. Ahesabu mashine za kukereza, kisha ahesabu zinazozunguka, kwa sababu ni namba mbili tofauti. Aangalie kama chini ya mashine kuna mabaki ya chuma mapya yanayong'aa au kuna vumbi. Atafute mwanafunzi wa mwaka wa pili, asimuulize chuo kikoje, maana kila mtu anakisifu chuo chake mbele ya mgeni. Amuulize mara ya mwisho alishika mpini lini, na alitengeneza nini. Halafu amwulize wa mwaka wa tatu fildi alifanyia wapi na nani alimtafutia. Mbeya kuna kiwanda cha saruji Songwe na reli ya TAZARA. Dar kuna viwanda vya Barabara ya Nyerere, Ubungo na Mikocheni, lakini pia kuna maelfu ya wanafunzi wa vyuo vyote wanaogombania mageti hayohayo mwezi uleule. Binamu yangu wa Dar nikamwomba aende vilevile kwenye kile chuo cha serikali cha Dar, na kile cha ada kubwa tukapiga simu tukaomba kutembelea karakana. Tuliahidiwa kupigiwa. Siku tatu ziliisha simu haijaja.

Jioni mtoto akanitumia ujumbe wa sauti. Nyuma ya maneno yake nilisikia chuma kinakatwa, ule mlio mkavu wa kisu kinachokula vizuri. Alikuwa amesimama mlangoni akiongea haraka haraka, akanihesabia mashine moja moja, akaniambia kijana wa mwaka wa pili alimtolea mfukoni boliti aliyoitengeneza mwenyewe, nyuzi zake zimepinda kidogo, na amekataa kuitupa. "Shangazi, amenipa niishike," akasema.

Alithibitisha chuo usiku uleule. Baba yake hakubisha, ingawa daftari lake lilikuwa bado na ule mstari mwekundu. Asubuhi kaka akanipigia tena, safari hii kabla hata jua halijatoka.

"Mdogo wangu, mtoto anasema kabla ya chuo nimnunulie kitu kinaitwa venia. Nimeuliza hapa Mafinga, mmoja ananiambia elfu ishirini na tano, mwingine themanini. Tofauti iko wapi?"

Nikamwambia venia ni kifaa cha kupimia unene na vipenyo, na kwamba asinunue. Ijumaa ampakie mtoto kwenye basi la Dar, Jumamosi nitakwenda naye Kariakoo. Nitachukua ile beringi ya mezani kwangu. Ringi ya nje bado ni nzima, kipenyo chake ni milimita 100, na tundu la ndani ni 45. Tutaipima kwa kila venia tutakayoonyeshwa dukani, na atachukua ile itakayosema ukweli.